Je, Ya Kale Yote Ni Dhahabu?

Wazee wetu husema ya kale ni dhahabu. Neno hili twalisikia harusini, twalisikia misibani, na siku hizi twalisikia hata vinywani mwa watu wasiotimiza miaka hamsini, wanapokumbuka vitu ambavyo babu zao hawakuviona kamwe. Kimojawapo cha vitu hivyo ni kompyuta ya kwanza ya nyumbani. Keti na ndugu waliokulia mjini katika miaka ya 1990, uwaulize habari zake, nawe utaona nyuso zao zikichangamka. Watakusimulia mlio wake ilipowashwa, uzito wa kioo chake, na jinsi walivyoingojea iwe tayari. Hatimaye mmoja atashusha pumzi na kusema kwamba siku zile zilikuwa njema kuliko hizi.

Je, asema kweli? Swali hili si la mchezo. Jinsi mtu aikumbukavyo jana ndivyo aipimavyo leo, na ndivyo atakavyowalea watoto wake kesho. Kwa hiyo yafaa tulichunguze kwa utulivu, kama Wakristo wenye akili na imani.

Kwanza tuyajue mambo yenyewe. Kompyuta za kutumiwa nyumbani zilianza kuenea madukani huko Marekani mwaka 1977. Mwaka 1981, huko Uingereza, ilitoka moja iitwayo ZX81, nayo iliuzwa kwa bei isiyofika pauni 70. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 1 tu, yaani nafasi ya herufi elfu moja na kidogo. Makala hii unayoisoma isingeenea humo, hata robo yake. Haikuwa na kioo chake yenyewe, bali iliunganishwa na televisheni ya familia, na programu zake zilihifadhiwa katika kanda za kaseti, zile zile za muziki. Watoto walikaa saa nzima wakinakili mistari ya programu kutoka magazetini, na kosa la alama moja lilitosha kuiharibu kazi yote.

Kwetu Tanzania mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo idhini, na katazo lile liliondolewa katika miaka ya 1990. Televisheni nayo haikuanza Tanzania Bara ila katika miaka hiyo hiyo. Ndiyo sababu wengi wetu tuliipata kompyuta ya kwanza miaka mingi baada ya watoto wa London, na mara nyingi ilikuwa imekwisha kutumika Ulaya.

Wala Kanisa halikukaa mbali na elimu hiyo. Mwaka 1965 mtawa Mmarekani, Sista Mary Kenneth Keller, alipata shahada ya udaktari katika elimu ya kompyuta kwenye Chuo Kikuu cha Wisconsin, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini mwake kuipata. Kisha akaanzisha idara ya elimu hiyo katika chuo cha masista wa shirika lake, mjini Dubuque, akaiongoza miaka mingi. Basi mtu asidhani kwamba chombo hiki ni adui wa imani. Chombo ni chombo; wema na ubaya hutoka moyoni mwa mwenye kukitumia.

Sasa niruhusiwe kutoa mfano wa nyumbani kwetu. Mwaka 1998, nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, baba alirudi kutoka Dar es Salaam na maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba za katani. Ndani yake mlikuwa kompyuta kuukuu, na kioo kizito ambacho hakikubebwa ila na watu wawili. Kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 16. Simu ya leo yenye gigabaiti 4 yaishinda mara 256. Baba aliiweka sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, na mama akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake.

Amri za baba zilikuwa chache, nazo hazikuvunjwa. Hakuna kuiwasha kabla ya kazi za shule kumalizika. Hakuna kuigusa kwa mikono isiyonawa. Kila mtoto nusu saa, kwa saa ya ukutani. Na saa mbili usiku huzimwa, watu wakapiga magoti kusali rozari. Tulikuwa watoto wanne na kompyuta moja. Kwa hiyo mmoja alipokuwa akicheza mchezo wa karata, watatu walisimama nyuma yake wakimshauri. Mama alijifunza kuandika kwa kidole kimoja, akapiga chapa orodha ya Jumuiya yetu ndogo ndogo. Umeme ulipokatika kabla hajaihifadhi kazi yake, alicheka, akaanza upya. Nasi tukicheka hayo leo, twajua kwamba siku ile mama alikaribia kulia. Mtakatifu Agostino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, aliilinganisha kumbukumbu na majumba makubwa yenye hazina, akastaajabu kwamba mtu aweza kuikumbuka huzuni ya zamani huku moyo wake una furaha.

Basi tuipime hoja ya wale wasemao kwamba siku zile zilikuwa njema. Wao hutaja mambo matatu: tulikuwa na saburi, tulikuwa na kiasi, tulikuwa pamoja. Nayo ni kweli kwamba tulingoja, tulitumia kidogo, tukaketi chumba kimoja. Lakini je, hayo yalikuwa fadhila zetu? Hapa yatupasa kuwa wakweli. Aliyefunga kwa sababu hana chakula hakufunga; ameshinda na njaa. Tulingoja kwa kuwa mashine ilikuwa nzito. Tulikuwa na kiasi kwa kuwa umeme ulikatika na nusu saa ilikwisha. Tuliketi pamoja kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja. Fadhila ni jambo la hiari, ambalo mtu hulichagua tena na tena mpaka likawa tabia yake. Kukosa kwaweza kumfundisha mtu, kama fimbo iwezavyo kumfundisha, lakini kukosa kwenyewe si wema. Ushahidi ni huu: sisi wenyewe tuliolelewa hivyo, tulipopata simu za mkononi zenye kasi, tulizima saburi yetu mara moja, kama mtu azimavyo taa.

Tena kuna jambo zito zaidi, nalo ni la kuungama.

Dirisha la sebule yetu lilielekea njia. Kila jioni alisimama hapo mtoto mmoja wa jirani, mwana wa mjane, tuliyesoma naye darasa moja. Hakusema neno. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akatazama kioo kile mpaka giza lilipoingia. Siku moja baba hakuwako, naye akapata ujasiri, akabisha hodi. Akaniomba aandike jina lake tu, alione limetokea. Nikamjibu, "Utaiharibu," nikafunga mlango. Hakubisha tena, wala dirishani hatukumwona tena. Sijui aliko leo.

Kwa miaka zaidi ya ishirini, kila tulipokutana ndugu wanne na kuzisifu siku zile, hakuna aliyemtaja. Tulikumbuka kitambaa cha mama na sauti ya baba. Mtoto yule hatukumkumbuka. Mpaka Noeli moja dada yangu mdogo aliuliza, "Na yule wa dirishani, mwamkumbuka?" Sebule ikawa kimya. Ndipo nilipotambua kwamba hazina yangu ya zamani nilikuwa nimeipanga vizuri kwa kumtoa humo mtu mmoja.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha namna mbili za kukumbuka, na zote mbili zahusu Misri. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, Waisraeli walilia jangwani wakiwakumbuka samaki waliokula kule, na matango, na matikiti, na vitunguu. Yote hayo waliyakumbuka kwa ladha yake. Matofali na mijeledi waliisahau. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya tumbo. Yachagua vitamu, yaacha machungu, na mwisho wake ni manung'uniko dhidi ya Mungu wa leo. Lakini katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 10, Mungu aliwaagiza watu wale wale wampende mgeni, kwa sababu wao nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya kweli. Haifichi machungu, nayo hufungua mlango kwa aliye nje.

Basi tukijiuliza kama ni halali kuyatamani ya kale, jibu ni hili: ni halali kuyashukuru, ila si halali kuyapamba. Mhubiri, katika sura yake ya 7, hamsifu mwenye hekima aulizaye kwa nini siku za kwanza zilikuwa bora. Asema kuuliza hivyo si hekima. Mtu ashukuruye zamani hutoka humo na kazi ya kufanya. Mtu apambaye zamani hukaa humo akiwalaumu watoto wake kwa kuzaliwa wakati mwingine.

Ni kazi gani hiyo? Wazazi wapenzi, tusiwaambie watoto kwamba sisi tulikuwa wema kuliko wao. Tuwape yale tuliyopewa, lakini sasa kwa hiari, maana uhaba uliotulea haupo tena katika nyumba nyingi. Zamani chumba kilikuwa kimoja kwa lazima. Leo tuchague kwamba simu na kompyuta zikae sebuleni wakati wa chakula na wakati wa sala. Zamani saa ya ukutani ilitupimia. Leo baba na mama wajipimie kwanza wao wenyewe, kisha wawapimie wana. Mtoto haoni haya kuweka simu chini akimwona baba yake ameweka ya kwake.

Na dirishani bado wamesimama watu. Si kila nyumba ya nchi hii ina kompyuta, wala si kila shule. Huenda katika jumuiya yako yuko kijana anayeandika barua ya kuombea kazi kwa kalamu, nawe kompyuta yako imelala kabatini kwa sababu umenunua nyingine. Huenda yuko mama asiyejua kuitumia simu aliyonunuliwa na mwanawe, naye aona haya kuuliza. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Saa moja kwa juma, mlango ukiwa wazi, si sadaka kubwa.

Tarehe 28 Januari 2025 Vatikano ilitoa hati juu ya akili mnemba na akili ya mwanadamu, ikaipa jina la Kilatini, Antiqua et nova, yaani ya kale na mapya. Jina hilo latukumbusha mfano wa Bwana wetu, katika Injili ya Mtakatifu Mathayo, wa mwenye nyumba atoaye katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Angalieni: mwenye nyumba yule hakuifungia hazina yake ili aitazame peke yake. Aliitoa.

Kompyuta yetu ya mwaka 1998 haiwaki tena. Kitambaa cha mama kipo, nami nimekitandika juu ya meza ambapo wanangu hutumia kompyuta yao. Kila Jumamosi alasiri mlango wa mbele huwa wazi, na watoto wa njia yetu huingia. Wengine hunawa mikono, wengine husahau. Kila aingiaye kwa mara ya kwanza namwambia aandike jina lake.