Haya Si Ububu

Kijana mwenye haya anapoingia chuo kikuu hupewa nasaha ileile na kila anayemuaga: jichangamshe. Ni nasaha rahisi kuitoa na ngumu kuifuata, na ubaya wake mkubwa ni kuihesabu haya kuwa kasoro. Katika malezi yetu haya ni sifa. Mtu akiambiwa hana haya, ametukanwa. Haya humzuia mtu kumkatiza mkubwa kauli, kujisifu mbele za watu, au kuchota mchuzi kabla ya mgeni. Kinachomtesa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vya Tanzania, pale Mlimani jijini Dar es Salaam, Dodoma au Mzumbe, ni kitu kingine, yaani woga wa macho ya watu, ambao umevaa kanzu ya haya ili uheshimiwe. Viwili hivi vikitenganishwa, itaonekana kwamba adabu aliyotoka nayo nyumbani ndiyo silaha yake dhidi ya huo woga.

Tuanze na hayo macho. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mwanafunzi alivishwa fulana yenye sura ya mwimbaji Barry Manilow, vazi ambalo vijana wale waliliona la aibu, kisha akaingizwa chumba walimokaa wenzake. Alipotakiwa kukisia wangapi walioitambua sura ile, alitaja karibu nusu yao; walioitambua hasa walikuwa takriban robo. Sisi tuna fulana yetu, nayo ni Kiingereza. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akavuka sekondari kwa kukariri, anafika kwenye semina na kutakiwa afikiri kwa sauti kwa lugha aliyozoea kuiandika tu. Anaamini kila kosa lake linahesabiwa. Lakini jirani yake anayemtazama ameshughulika kupanga sentensi yake mwenyewe, akiomba mhadhiri asimfikie. Na makosa yenyewe ni ya wengi: Kiswahili hakitenganishi mume na mke katika nafsi ya tatu. Kwa hiyo kumwita mama kwa kiwakilishi cha baba, “he” badala ya “she”, kunawapata wengi waliojifunza Kiingereza kwa njia hiyo, wakiwamo wanaocheka.

Kunyamaza nako si kimya kama anavyodhani mnyamazaji. Anayepita kwenye korido ya bweni bila salamu hasomwi kuwa mpole, husomwa kuwa ana maringo. Asiyechangia katika kazi ya kikundi huonekana anabebwa, na katika vyuo ambako alama 40 kati ya 100 hukusanywa kabla ya mtihani wa mwisho, hakuna anayependa kubeba mtu. Hapa ndipo haya ya kweli inapomgeukia huyo woga: mwenye adabu hawezi kukubali kuwavunjia wenzake heshima kwa ukimya wake. Bahati nzuri lugha yetu imemtungia sentensi ya kwanza, ambayo ndiyo humkwamisha kila mwenye soni. Ipo hodi kwa mlango wa mhadhiri, shikamoo kwa mlinzi wa getini, pole na kazi kwa mhudumu wa maktaba, habari za tangu jana kwa jirani wa kiti. Hakuna anayetakiwa kuwa mcheshi ili ayatamke maneno hayo. Basi akae kiti kilekile, kila kipindi. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake, walipochunguza makazi ya wanafunzi wenye familia kule chuo cha MIT, Marekani, na kuchapisha kitabu mwaka 1950, walikuta urafiki ukifuata ukaribu wa milango. Na asikate tamaa mapema: utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas ulikadiria kwamba urafiki wa kawaida huhitaji saa zipatazo 50 za kuwa pamoja, na ule wa karibu zaidi ya 200. Upweke wa wiki ya tatu, kwa hesabu hiyo, ni jambo la kalenda.

Atatokea wa kusema kwamba salamu za namna hiyo ni unafiki, na kwamba vijana wa leo wameziba masikio kwa simu. Salamu haijawahi kudai mapenzi. Inadai tu kumtambua mtu. Pingamizi zito zaidi ni la wazazi wa mabinti: mnamfundisha mtoto kubisha hodi ofisi za wanaume, hamjui yanayotokea humo? Tunajua, na ndiyo maana haya isifundishwe kama utii. Msichana aliyelelewa asiwajibu wakubwa ndiye rahisi kunyamazishwa. Aende na mwenzake, mlango ubaki wazi, na ajue kwamba kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhesabu mwenye mamlaka anayedai ngono kuwa mhalifu. Kukataa hapo, hata kwa sauti kali, hakupunguzi adabu ya mtu. Aliyekosa haya ni yule aliyekaa nyuma ya meza.

Wapo pia ambao nasaha hizi hazitawatosha. Kijana ambaye moyo humwenda mbio kila akifikiria darasa, anayekosa vipindi kwa kuogopa kuingia amechelewa, anayelala na njaa ili asipange foleni ya kantini, ameshavuka mpaka wa soni na anahitaji mtaalamu. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri nasaha, na kwenda huko hakumfanyi mtu mwendawazimu. Akiona vigumu kwenda peke yake, amwombe yule jirani wa kiti amsindikize hadi mlangoni.