Kiwanda na Wajibu Wake

Kamusi za zamani zinaita kiwanda mahali popote pa kufanyia kazi ya mikono. Leo wengi husikia katika neno hilo zamu na king'ora, kama kwenye kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichofunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 1968. Maana zote mbili ni halali.

Ugomvi juu ya neno hili ulizuka Tanzania baada ya 2015, uchumi wa viwanda ulipokuwa kaulimbiu ya serikali na kila mkoa ukatakiwa kujenga viwanda 100. Vyerehani vichache navyo vikahesabiwa. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya 2003 iliitambua hata shughuli yenye watu 1 hadi 4, kama shughuli ndogo sana, kwa hiyo kosa si kuhesabu.

Dhuluma iko kwingine. Chukua mashine ya kusaga yenye vijana watatu: mmoja anamimina mahindi, mwingine anashona viroba, wa tatu anarudisha mkanda unaoteleza, wote weupe kwa vumbi la sembe. Siku ya takwimu hapo ni kiwanda. Kijana akikatwa kidole na mkanda akadai fidia, anaambiwa hiki ni kibanda tu.

Kuna wanaojibu kwamba hilo ni neno tu, watu wanataka ajira. Jibu hili linaudhi, maana wanaolitoa ndio waliolikimbilia neno. Lingekuwa neno tu, taarifa zingeandika "mashine za kusaga" na hakuna ambaye angepungukiwa. Ziliandika "viwanda" kwa sababu neno hilo huleta sifa. Jina linalompa mkubwa sifa haliwezi kukosa uzito linapofika kwa kibarua. Na ajira yenyewe ni ipi: ya saa ngapi, kwa ujira gani, nani anawajibika? Hakuna wa kuulizwa hayo mpaka ikubaliwe pale ni mahali gani.

Kwamba vidogo hukua, ni kweli, lakini ukubwa si kipimo pekee: kuna pia ujuzi.

Wahaya wa Kagera waliyeyusha chuma takriban miaka 2,000 iliyopita. Katika miaka ya 1970 wazee walijenga tena tanuri mbele ya watafiti: mirija ya udongo iliingia ndani kabisa, na kwa maelezo ya watafiti hao, hewa ya mivukuto ilipata joto kabla ya kuyafikia makaa. Mtaji na idadi ya waajiriwa havisemi lolote juu ya ujuzi huo. Ujuzi ukiwa ndio kipimo, tanuri lile ni kiwanda kamili, na mashine ya sembe huenda ikaachwa nje, ilhali vijana wake ndio wanaolihitaji jina hilo zaidi.