Amana Katika Hodhi la Kioo

Mtu atiaye samaki katika hodhi la kioo, akampangia mawe na mchanga, akamwashia taa, kisha akaketi jioni kumtazama, amefanya tendo ambalo kwa dhahiri ni burudani, lakini kwa batini limebeba suala zito: ni kwa haki gani kiumbe aliyeumbiwa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 hufungiwa ndani ya lita 300 za maji, na huyo mfungaji amechukua dhamana ya kitu gani hasa? Sisi wa Mwanza na pwani za Ziwa Victoria tunalazimika kulikabili suala hili kuliko watu wengi, kwa kuwa furu wetu, ambao hapa kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa samaki duni, ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa na wafugaji wa ng'ambo kwa uzuri wa rangi zao, na zimo aina ambazo kwa miaka mingi hazikuonekana ziwani ilhali ziliendelea kuzaliana katika mahodhi ya Ulaya na Marekani.

Wanazuoni wa kale hawakuliacha jambo la ufugaji bila kulizungumza. Inajulikana hadithi ya Abu Umair, ndugu yake mdogo Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea kikafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamliwaza kwa upole wala asimkemee kwa kukifuga. Ibn al-Qass, faqihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, alitunga risala nzima juu ya mafunzo ya hadithi hiyo fupi, na mafakihi wamepata humo ruhusa ya kumweka ndege kizimbani maadamu analishwa na kutunzwa. Kwa upande wa pili iko hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, ambaye alimfunga, asimlishe wala asimwachilie akajitafutie mwenyewe. Zikiwekwa pamoja, hadithi hizi mbili hutoa hukumu ambayo mwenye insafu, awe wa dini yoyote, hataikataa: kufungia kiumbe si haramu kwa dhati yake, bali kila alichokuwa akijitafutia mfungwa alipokuwa huru hugeuka kuwa faradhi juu ya mfungaji.

Hata hivyo hukumu hiyo ilitolewa juu ya ndege mmoja na paka mmoja. Qurani inatufundisha kwamba hayawani nao ni umma mfano wetu, na umma hautoshelezwi kwa chakula tu, kwa kuwa una nasaba yake, una mahali pake, na una desturi zake za kuchaguana na kulea. Mwenye kuweka umma ndani ya kioo anadaiwa nini?

Ili kulijibu suala hili sharti kwanza tujue ni nani aliyefungwa. Wataalamu wanakadiria kuwa Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zipatazo 500, aghalabu zisizopatikana penginepo duniani. Na waliochunguza matope yaliyo chini ya ziwa wanaeleza kwamba ziwa lenyewe lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, hata ikafahamika kuwa wingi huo umechipuka katika muda mfupi mno kwa hesabu za maumbile. Wako wakwanguao mwani juu ya miamba, wako wavunjao konokono kwa mataya yaliyomo kooni, wako wawindao furu wenzao, na wako hata wale ambao riziki yao ni mayai na vichanga wanavyovipora kutoka vinywani mwa mama wa aina nyingine. Na hili la mwisho, ingawa linachukiza moyo, ni sehemu ya hikima ile ile iliyowagawia wenzao miamba na mchanga.

Kwa watu wa Mwanza furu alikuwa kitoweo cha wanyonge na samaki wa mtoto mwenye ndoano juu ya jiwe. Katika miaka ya 1970 alivuliwa kwa nyavu za kukokota akasagwa kuwa chakula cha kuku, na mpaka leo hutungwa ndoanoni akiwa hai ili awe chambo cha sangara. Sangara huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa dhana kwamba samaki wadogo wasio na bei wangegeuzwa kuwa samaki mkubwa mwenye bei. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, walioanza kazi katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977 kwa nia ya kuwaeleza furu na maisha yao, walijikuta katika miaka ya 1980 wakiandika habari za kupotea kwao. Aina zipatazo 200 zinadhaniwa zimetoweka. Simlaumu sangara. Viwanda vya minofu vimezilisha nyumba nyingi za mji huu, mapanki yamekuwa kitoweo cha asiyeweza kununua samaki mzima, na samaki mla nyama hana dhambi kwa kula nyama. Lawama ni ya mwanadamu, aliyepewa akili ya kutazama mbele, akaridhika kupima umma mzima kwa mizani ya bei.

Katika kisa cha Nabii Nuhu hatusikii kwamba samaki walipandishwa safinani, na sababu yake haijifichi, kwa kuwa gharika iliyowaangamiza wengine kwao ilikuwa makao. Zama zetu zimekipindua kisa hicho: furu walichukuliwa hai kutoka Mwanza wakapelekwa Leiden, na katika miaka ya 1990 bustani za wanyama na nyumba za samaki za Marekani zikaweka mpango wa pamoja wa kuzitunza aina kadhaa kizazi baada ya kizazi, hata kiumbe ambaye hakuwa na haja ya safina akawa ndiye mwenye kuihitaji. Naona kwamba hapo ndipo uhalali wa hodhi unapopatikana, na hapo hapo ndipo mpaka wake ulipo; kwa sababu safina ilipata maana yake kwa kutazamia nchi kavu ya kuteremkia, na hodhi ambalo mwenyewe hana habari na ziwa wala haja nalo halistahili jina hilo, hata likiwa safi kiasi gani.

Mwaka 1985, mwaka ule ule ambao Mwalimu Julius Nyerere aliondoka katika urais, furu mmoja wa miamba ya Ghuba ya Mwanza alipewa na wataalamu jina lake, akaitwa nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jirani yake wa miamba ile ile ni furu aitwaye pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu, na ambaye hukaa zaidi kwenye maji ya juu, ilhali nyererei hupenda kina ambacho nuru yake imeelekea wekundu. Majike wa aina hizi mbili hufanana hata macho yaliyozoea yakababaika. Wakikutanishwa wanaweza kuzaana, na watoto wao wakazaa vilevile, kwa maana hakuna ukuta wa mwili uliowatenga. Kilichowatenga ni hiari ya jike, atazamaye rangi ya dume akamfuata wa kwao. Ole Seehausen na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba katika mahodhi ya majaribio, taa zilipobadilishwa zikawa za namna inayoficha tofauti ya rangi, majike waliacha kubagua. Na ziwani kwenyewe mambo ni hayo hayo: huko Makobe, kisiwa cha Ghuba ya Speke ambako jicho hupenya majini zaidi ya mita 2, aina hizi zimetengana waziwazi, lakini huko Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, ambako jicho halipiti nusu mita, lipo kundi moja lenye rangi za kati na kati. Ama walitengana kisha wakaungana, ama hawakupata kutengana kamwe, jambo linalodhihiri ni kwamba penye kiza umma wa pili haupo.

Tulizoea kudhani kwamba aina ya kiumbe imo yote ndani ya mwili wake, ikirithiwa kwa damu, hata mwenye kuuhifadhi mwili amehifadhi kila kitu. Furu wa Makobe wanatufahamisha kwamba sehemu ya aina imo nje ya mwili, katika nuru na kina na usafi wa maji ambamo jike hutazama na kuchagua; na aliyemchukua samaki akaiacha nuru yake amemchukua nusu.

Kwa hiyo utayarishaji wa hodhi, ambao mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni habari za mapambo, kwangu ni mlango wa adabu. Mlango huo unaanza na subira: hodhi likishajazwa maji, na maji ya bomba yakishaondolewa klorini, samaki wasitiwe siku hiyo, kwa sababu kinyesi chao hutoa amonia iliyo sumu, na bakteria waigeuzao kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati yenye madhara machache, huhitaji kiasi cha wiki 4 hadi 6 kujiimarisha mchangani na katika chujio. Joto la nyuzi 24 hadi 27, ambalo mfugaji wa Leiden hulinunua kwa umeme, Mwanza hutolewa bure na Mola. Mawe yapangwe yawe na mapango, kwa maana dume hujitwalia eneo na jike aliyechoka kufukuzwa lazima apate pa kujisitiri. Na dume mmoja apewe majike kadhaa, ili ukali wake usimwangukie mmoja tu. Baada ya kutaga, jike huyaokota mayai kinywani, akiyafuata hata yale madoa yanayofanana na mayai yaliyo katika pezi la dume, na kwa kuyadonoa hayo ndipo mbegu ya dume humfikia. Kisha huatamia kinywani kwa muda wa wiki 3 hivi, karibu bila kula. Mwenye kumsumbua mama huyo kwa ajili ya kumwonyesha mgeni hajafahamu alichokabidhiwa.

Lakini sharti lililo zito kuliko yote ni la nasaba. Mfugaji hupenda rangi nyingi katika hodhi moja, naye huwatia pamoja nyererei na pundamilia chini ya taa yoyote iliyo rahisi. Baada ya vizazi vichache hodhi limejaa samaki wenye afya na wazuri wa macho, na hakuna aliyekufa, ila aina zile mbili hazimo tena. Paka wa yule mwanamke alilia njaa ikasikika. Umma unaopotea hivi haulii. Ndiyo maana nashikilia kwamba majike wanaofanana wasichanganywe kabisa, asili ya kila kundi iandikwe kisiwa kwa kisiwa, na mchanganyiko wa hodhini usimwagwe ziwani hata kwa nia ya huruma, kwa kuwa ziwa hili limekwisha kuonja nia njema za wamwagaji.

Atasema mtu kwamba haya yote ni kazi bure, kwa sababu waliokwisha wamekwisha. Sivyo. Tangu miaka ya 1990, sangara alipopungua kwa kuvuliwa mno, baadhi ya furu waliodhaniwa wametoweka wameonekana tena katika Ghuba ya Mwanza, hata ikabainika kuwa ziwa halijafunga mlango. Kinachowangoja ni maji, na maji yanazidi kuwa mazito kwa mwani unaoneemeka kwa mbolea za mashambani, udongo wa vilima vilivyokatwa miti, na taka za miji, zikiwamo zile zinazoletwa na mto Mirongo kutoka katikati ya mji wetu. Mtu abadilishaye robo ya maji ya hodhi lake kila wiki, kisha akatupa taka katika Mirongo, amewafanyia adabu samaki wachache na kuudhulumu umma wao. Laiti shule za Nyamagana na Ilemela zingepata kila moja hodhi lenye furu wa aina moja, waliotoka kisiwa kimoja kinachojulikana, wakatunzwa na watoto wenyewe. Na mwalimu akawachukua watoto hao na sahani nyeupe iliyofungwa kamba mpaka pale mto unapoingia ziwani, wakaiteremsha hata isionekane, wakaandika kina hicho daftarini, ukurasa ule ule wanaoandika vipimo vya hodhi lao.