Kidonge cha Siku Uliyoamka Mzima

Baba yangu mdogo ni fundi seremala. Asubuhi moja alinyanyua randa, ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Akataka kumwita mkewe, sauti haikutoka. Waliomkuta wakaanza kuulizana nani kamroga, maana jana yake alibeba mbao mwenyewe toka barabarani mpaka karakana. Hospitali presha ilisoma 210 kwa 120. Tulipotafuta kadi yake ya kliniki kwenye droo, tukakuta pakiti tatu za vidonge ambazo hazikufunguliwa. Miaka miwili nyuma alipimwa, akaandikiwa dawa, akameza mwezi mmoja, akajisikia vizuri, akaacha.

Pakiti zile tatu ndizo zilizonikalisha kuandika.

Alijisikia vizuri. Hilo ndilo neno linalotuulia wazazi. Tumezoea kwamba ugonjwa huanza kwa kuuma: jino linauma, unang'oa, malaria inatetemesha, unameza dawa, unapona, mambo yamekwisha. Presha haiendi hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima takriban bilioni 1.4 wanayo, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu wanalala usingizi, wanakula, wanafanya kazi, wanacheka. Ukisubiri kichwa kigonge au kizunguzungu kikushike ndipo uende kupima, unasubiri mjumbe ambaye huenda asije kabisa.

Wakati huo ndani kuna kazi inaendelea. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku. Namba ya juu kwenye mashine ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu iliyobaki moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ikiwa chini ya 120 kwa 80, shukuru, uendelee kuilinda. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, tena kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Kila pigo linagonga ukuta wa mshipa kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, mara 100,000 leo, mara 100,000 kesho. Mshipa unakakamaa. Siku moja unapasuka au kuziba kwenye ubongo, au figo zinachoka kimyakimya, au macho yanaingia ukungu.

Lakini usikate tamaa, na nitakwambia kwa nini. Tarehe 12 Aprili 1945, Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alishika kichwa akiwa kitini kwake. Mshipa wa ubongo ulipasuka, na presha yake ilipopimwa ilizidi 300 kwa 190. Alikuwa na miaka 63. Madaktari wake walijua presha iko juu angalau tangu mwaka uliotangulia, ila hawakuwa na dawa nzuri ya kumpa. Vidonge vya kutoa maji mwilini, ndugu wa hivi tunavyoandikiwa leo, vilianza kuuzwa mwaka 1958, miaka 13 baada ya kifo chake. Mtu mwenye madaraka kuliko wote duniani alikosa kidonge ambacho wewe unacho kwenye droo. Kifungue!

Na kinafanya kazi. Kuishusha namba ya juu kwa 10 tu kunapunguza hatari ya kiharusi kwa zaidi ya robo. Unaposema "leo najisikia mzima, sina haja ya dawa," kumbuka huenda umeamka mzima kwa sababu jana uliimeza. Dawa ikikuvimbisha miguu, ikikuletea kikohozi kikavu, au ukiona nguvu za kiume zimepungua (wanaume wengi huacha kwa hili na hawasemi), rudi kwa daktari umwambie bila haya. Dawa za presha ni nyingi, atakubadilishia. Usiache kwa uamuzi wako, wala usimeze za jirani. Kitunguu saumu na juisi ya rozela ni vyakula vyema, visichukue nafasi ya kidonge. Na wewe unayenunua diklofenaki ya mgongo kila wiki, mwambie mhudumu una presha, kwa sababu dawa hizo za maumivu huipandisha.

Sasa twende jikoni. Simama umtazame anayepika. Chumvi inaingia kwenye maharage kwa kiganja, kisha viungo vya pakiti ambavyo vimejaa chumvi, kisha chakula kinafika mezani na mtu anavuta kopo la chumvi kabla hajaonja. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kisizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, soseji na ng'onda. Ondoa kopo mezani leo. Wiki mbili tatu za mwanzo utalalamika, mchuzi utauona chapwa. Kamulia ndimu, ongeza tangawizi, pilipili na vitunguu. Ulimi huzoea, na baadaye chakula cha zamani utakiona kimekolea kupita kiasi. Usimpikie mgonjwa sufuria yake ya peke yake kana kwamba amefungwa. Nyumba nzima ipunguze. Kisha tembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki, acha sigara, punguza pombe.

Na upime, wiki hii. Zahanati, duka la dawa lenye mashine, popote. Usifike ukihema ukanyoosha mkono. Keti dakika tano, egemea kiti, nyayo zikanyage chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na usizungumze. Nusu saa kabla yake usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Haja ndogo uimalize. Pima mara mbili, uandike namba zote. Mpeleke na mama. Mpeleke na yule kaka mnene, na yule mwembamba pia, kwa maana presha haichagui umbo. Mjamzito asikose kupimwa kila anapohudhuria kliniki.

Ukimwona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea, maneno yamekwama, usimpe maji wala chakula, usianze kutafuta mchawi. Tafuta usafiri umfikishe hospitali. Kila dakika ubongo unapoteza kitu.

Baba mdogo alipona nusu. Randa ameikabidhi kwa mwanawe. Yeye hukaa mlangoni mwa karakana akielekeza. Saa moja kila asubuhi mkewe humpasulia pakiti, naye hukipokea kidonge kwa mkono wa kushoto na kukimeza kwa chai. Mara ya mwisho nilipomtembelea kadi yake ilikuwa imeandikwa 128 kwa 82. Alinionyesha kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha akanikazia macho, akayakusanya maneno moja moja kama anavyolazimika siku hizi:

"Na wewe, mwanangu. Umepima lini?"