Mnyemeleaji na Mwenye Nchi

Katika Kariakoo na mitaa iliyo jirani, Gerezani, Ilala na Mchikichini, vijana hukutana jioni katika vibanda vya gemu. Kijana hutoa fedha kidogo, hupewa pedi, hukaa juu ya benchi, na macho yake hayabanduki tena kwenye kioo cha televisheni. Wengi wao hucheza kandanda. Wengine hupenda michezo ya aina nyingine, ambamo mshindi ni yule aendaye kimya kimya, ajifichaye kivulini, amsubiriye mlinzi apite, kisha anyemelee hadi mahali alipotumwa. Michezo hii tutaiita katika makala haya michezo ya kunyemelea.

Juu ya michezo ya video kwa jumla, watu wazima wengi wamekwisha kutoa hukumu: inapoteza wakati na kuharibu tabia. Vijana nao hujibu kwamba hiyo ni burudani tu, na burudani haina haja ya kuhojiwa. Kwa maoni yetu hukumu hizi mbili zina kasoro moja, nayo ni kwamba hakuna kati yake iliyokitazama kitu chenyewe. Mchezo wa video ni kazi ya sanaa kama zilivyo ngoma, tamthiliya au filamu. Una watunzi, una hadithi, na una mafunzo, atake mchezaji asitake. Mwalimu Julius Nyerere, alipoitangaza wizara ya utamaduni mwezi Desemba 1962, alisisitiza mambo mawili kwa pamoja: kwamba nchi isiyo na utamaduni wake haina roho, na kwamba kuufufua utamaduni wetu si kukataa kujifunza kutoka kwa wengine. Basi hatuna budi kupima. Swali letu ni hili: mchezo wa kunyemelea humfundisha kijana kumwona nani, na humzoeza kutomwona nani?

Tumeuchagua mchezo uitwao Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, uliotolewa na kampuni ya Konami ya Japani tarehe 1 Septemba 2015 chini ya uongozi wa mtunzi Hideo Kojima. Ndiye aliyeuanzisha mfululizo huo mwaka 1987, na wengi humhesabu miongoni mwa waasisi wa michezo ya kunyemelea. Sababu ya kuuchagua ni kwamba unatuhusu. Hadithi yake ni ya mwaka 1984. Sehemu ya kwanza iko Afghanistan, wakati nchi hiyo imekaliwa na majeshi ya Kisovieti. Sehemu ya pili iko mpakani mwa Angola na Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kambi ya mhusika mkuu imejengwa katika Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Shelisheli. Mhusika huyo, aitwaye Snake, ni kiongozi wa jeshi la kukodiwa.

Tuanze na sifa zake. Kwanza, mchezo huu hufunza subira na uangalifu. Kabla ya kuingia ngomeni, mchezaji hulala kilimani na darubini, akawahesabu walinzi na kuijua njia ya kila mmoja wao. Mwenye pupa hugunduliwa mara moja. Tena walinzi wenyewe hujifunza: mchezaji akizoea kuwapiga kichwani, huanza kuvaa kofia za chuma, akizoea kuja usiku, hupata miwani ya kuonea gizani. Maana yake ni kwamba hila moja haifai siku zote, na kwamba adui naye ana akili. Hili ni somo jema kwa kijana yeyote, awe mwanafunzi mbele ya mtihani au mfanyabiashara mdogo katika Mtaa wa Kongo.

Pili, mchezo umeipa lugha nafasi kubwa. Snake akiwa hana mkalimani, maneno ya walinzi wasemao Kiafrikaans au Kikongo humpita kama upepo. Akimpata mkalimani, maneno yale yale humfunulia siri. Hadithi yenyewe pia imejengwa juu ya lugha. Adui mkuu ni mtu ambaye wavamizi walimnyang'anya lugha ya mama yake. Amepata vijidudu vya kooni vinavyowaua wasemaji wa lugha fulani, na kusudi lake ni kukifuta Kiingereza duniani. Kisasi chake ni uovu mtupu, lakini kidonda anachokilalamikia ni cha kweli. Wanafunzi wanaojua jinsi Kiswahili kilivyopiganiwa katika nchi hii wataona kwamba jambo hili si geni kwao.

Tatu, mchezo haukuufanya uhai kuwa kitu chepesi. Karibu kila kazi yaweza kukamilishwa bila kuua. Mchezaji anayeua ovyo humwona Snake akibadilika: kipande cha chuma kilichokwama katika paji la uso wake hurefuka kama pembe, na damu iliyomganda mwilini haitoki hata akioga. Watoto waliotiwa jeshini, ambao tunakutana nao katika sehemu ya Afrika, hawauawi kabisa. Akifa mmoja kwa mkono wa mchezaji, kazi huhesabika kuwa imeshindwa papo hapo. Ni michezo michache yenye silaha iliyoweka mpaka ulio wazi namna hii.

Sasa tugeukie kasoro. Zipo mbili ambazo tutazitaja kwa ufupi. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya mwisho ya mchezo hurudia kazi zilizokwisha kufanywa, zikiwa zimeongezewa ugumu tu, hata mtu akadhani watunzi waliishiwa. Ya pili ni mwanamke mdunguaji aitwaye Quiet, ambaye ni hodari kuliko wanaume wengi wa hadithi hiyo, lakini amevikwa kama mtu aliyewekwa pale atazamwe. Inaelezwa kwamba yeye hupumua kwa ngozi. Sababu hiyo haimridhishi mtu mwenye akili timamu.

Kasoro mbili zinazobaki ni nzito zaidi, kwa kuwa zinagusa utu. Tumesema kwamba mchezo unahimiza kutoua. Je, ni kwa nini? Mlinzi aliyelazwa kwa dawa hufungwa kwenye puto na kupaishwa angani, kisha hupelekwa kambini baharini, akashawishiwa kulitumikia jeshi la Snake. Huko hupimwa kwa herufi kulingana na kazi anayoiweza: huyu ni hodari wa tiba, yule wa utafiti, mwingine wa vita. Mchezaji hujifunza upesi kumtazama kila mtu kwa darubini na kuuliza atafaa kwa nini. Huu ndio mtego. Huruma inayotolewa kwa sababu mtu ana faida si huruma, ni hesabu. Utu, kama tulivyoupokea kwa wazee wetu, haupimwi kwa kazi ya mtu. Mgonjwa, mgeni na mzee asiye na nguvu wanao sawasawa na wengine.

Hata hivyo haki itendeke. Watunzi waliujua mtego huo. Karibu na mwisho kuna sura ambamo ugonjwa wa vijidudu umeingia kambini, na Snake hulazimika kuwaua kwa mkono wake askari wake mwenyewe walioambukizwa, ili usienee. Wako wanaosimama wima na kumpigia saluti kabla ya kufa. Wale aliowahesabu kwa herufi huwa watu ghafla, kwa wakati usiofaa tena. Mchezaji mwenye moyo huiweka pedi chini kidogo. Sura hiyo peke yake yatosha kuufanya mchezo huu ustahili kujadiliwa na watu wazima.

Lakini kwa kasoro ya mwisho hatukuona utetezi ndani ya mchezo wenyewe. Nchi anayoinyemelea Snake haina wenyewe. Vijiji vimo, nyumba zimo, njia zimo. Hakuna mama anayetwanga, hakuna mtoto anayechota maji, hakuna mzee chini ya mti. Waafrika tunaokutana nao ni askari wa kukodiwa, wafungwa, na watoto wenye bunduki. Mtetezi atasema vita viliwafukuza wenyeji. Ni kweli kwamba vita vya Angola, vilivyodumu tangu uhuru wa mwaka 1975 hadi mwaka 2002, viliwahamisha watu wengi mno. Hata hivyo watu hawakwisha. Walilima, walioana, walizika, walivuka mpaka na kurudi. Mtetezi ataongeza kwamba nguvu za mashine zina kikomo. Nasi tutamjibu kwamba nguvu hizo zilipatikana kwa ajili ya pundamilia na mbuzi, ambao wamo tele katika nchi hiyo.

Jambo hili lapaswa kusikika kwa namna ya pekee hapa Kariakoo. Jina la mtaa huu latokana na maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, hapa palikuwa kambi ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita kati yao na Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Vitabu vingi vilivyoandikwa baadaye vilisifu hila za majemadari na namna walivyofukuzana na kujificha porini. Sanamu iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi amebaki katika maandishi ya msingi wake na katika jina la mtaa. Kijana anayecheza kibandani Kariakoo, katika nchi iliyofutiwa watu, anakaa juu ya ardhi inayoitwa kwa jina la watu waliofutwa namna hiyo hiyo.

Sanamu hiyo iko katika barabara yenye jina la Samora Machel, na jina hilo latukumbusha kwamba mji huu unajua kunyemelea kwa aina nyingine. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa tangu mwaka 1963 hadi ilipomaliza kazi mwaka 1994. Wapiganaji waliofunzwa Nachingwea walivuka mto Ruvuma kimya kimya na kuingia Msumbiji. MPLA ilipofungua uwanja wa mapambano mashariki mwa Angola mwaka 1966, silaha zake zilipita katika bandari yetu na kuvuka Zambia. Hao nao walijificha, walisubiri, walitembea usiku. Lakini ni nani aliyewaficha? Majani peke yake hayamfichi mtu. Walifichwa na wanakijiji, wanawake kwa wanaume, waliowapa chakula, waliobeba mizigo vichwani, waliowaonyesha njia, na ambao adui alipowauliza walisema hawakuona kitu. Mpiganaji aliyekosana na wanakijiji alikuwa amekwisha kugunduliwa.

Kwa hiyo kunyemelea kwa kweli ni uhusiano baina ya watu. Hutegemea uaminifu. Mchezo huu umeufanya kuwa uhusiano baina ya mtu mmoja na vifaa vyake: darubini, puto, dawa ya usingizi, helikopta iitwayo kwa redio. Snake hamwombi mtu maji. Hadaiwi na kijiji chochote. Ndiyo maana aweza kuondoka bila kujua nchi ile ni ya nani.

Hata watoto wetu wanajua zaidi ya hapo. Katika kombolela, mchezo wa kujificha unaochezwa uani na vichochoroni, mtoto hajifichi kwa ajili ya nafsi yake tu. Kwa namna moja ya kuucheza, aliyebaki mafichoni aweza kutoka mbio, akawahi kituo kabla ya mtafutaji, na wenzake wote walioshikwa wakawa wamekombolewa. Anayekaa mafichoni hadi jioni bila kuwajali walioshikwa huonekana mwoga. Mchezo huu mdogo usio na gharama yoyote umeshika jambo ambalo kazi ya fedha nyingi imelikosa.

Je, tuwakataze vijana? Wanafunzi wadogo, ndiyo. Mchezo huu una mauaji na mateso ya wazi, na huko Ulaya umewekewa kiwango cha miaka 18. Mwenye kibanda anayemruhusu mtoto wa shule ya msingi kuucheza anakosea. Kwa kijana aliyekomaa, katazo halitafaa kitu. Afadhali mwalimu aufanye kuwa somo. Awaulize wanafunzi: ni nani hamkumwona katika nchi ile? Mlimwacha hai kwa sababu gani? Kama kijiji hiki kingekuwa cha bibi yako, yeye angekuwa wapi siku hiyo? Na kwa wale wenye kipaji cha kutunga, kwa kuwa vijana wetu nao wameanza kujifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, awape kazi ngumu zaidi: watunge mchezo wa kunyemelea ambamo mwenye pedi ni mwanakijiji wa kando ya Ruvuma, naye ana mgeni wa kumficha.

Hukumu yetu basi ni hii. Kwa ufundi wa kuifunza subira, kwa heshima yake kwa lugha, na kwa ujasiri wa kumwonyesha mchezaji damu iliyo mikononi mwake, mchezo huu ni kazi kubwa, na anayeudharau bila kuutazama hakutenda haki. Kwa kuigeuza huruma kuwa mtaji, na kwa kuinyemelea nchi ya Afrika kana kwamba haina wenyewe, umepungukiwa katika jambo ambalo kwetu ndilo la kwanza. Jicho lililozoezwa kumwona mlinzi gizani halijakamilika mpaka limemwona pia mama aliye ndani ya nyumba anayoilinda.