Amana ya Marehemu

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alifariki dunia mwaka 1962, lakini vitabu vyake havikukoma kutoka. Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968. Hapana wa kulaumiwa katika hayo, kwani tenzi na riwaya hutungwa ili zisomwe na watu. Mwaka 2002 kilitoka kitabu cha namna nyingine: barua zake za miaka ya 1931 hadi 1958, alizomwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge. Barua ina msomaji mmoja, na jina lake huandikwa juu ya bahasha. Je, kifo cha mtunzi humpa kila mtu ruhusa ya kuifungua?

Swali hili si la Tanga peke yake. Emily Dickinson, mshairi wa Marekani, alipofariki mwaka 1886, mdogo wake Lavinia alizichoma barua alizoandikiwa marehemu, akayahifadhi mashairi. Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1890. Huko huko Marekani, mwaka 2015, ilitolewa riwaya ya Harper Lee, Go Set a Watchman, miaka 55 baada ya ile iliyompa sifa. Mwenyewe akali hai, mwenye umri wa miaka 89, na bado watu walibishana iwapo ameridhia kweli. Ikiwa ridhaa ya aliye hai hutiliwa shaka, ya aliye kaburini itathibitishwa na nani?

Wako wasemao kwamba maiti hadhuriki. Hoja hiyo ni dhaifu. Watu wa pwani huosha maiti wao nyuma ya pazia. Mwoshaji akiona jema aweza kulitaja. Akiona la kuaibisha, hulizika pamoja na mwenyewe. Heshima ya mtu, basi, huishi baada yake.

Wako pia wasemao kwamba mtunzi mkubwa ni mali ya umma. Hoja hii ni nzito zaidi. Barua hupona kwa kuwa aliyeandikiwa aliitunza, naye ana haki ya kuitoa, na lugha hufaidika kwayo. Lakini barua hutaja pia wake, watoto na majirani, ambao hawakuandika wala hawakuulizwa. Aibu za hao si za mtunzi kuzigawa, sembuse za mchapishaji.

Kitabu kikishauzwa, amana humhamia msomaji. Shaaban Robert aliyasimulia mwenyewe maisha yake katika Maisha Yangu, akachagua la kusema na la kunyamazia. Anayezifungua barua ili amfahamu zaidi hana kosa. Anayetafuta humo unyonge ambao mtu alimweleza nduguye, ili ayapunguzie mashairi thamani, ameinua pazia la mwoshaji na kuita watu waje kutazama.