Woga wa Panya na Ushujaa wa Mtu



Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha huku Uvira. Mto Mulongwe ukafurika, ukabomoa nyumba, ukaua makumi ya watu na kuwaacha maelfu bila makao. Mwaka uliofuata, mvua ilipoanza kupiga mabati ya shule, mtoto mmoja wa darasa langu aliruka akakimbia nje. Nilimkemea mbele ya wenzake, nikamwita mwoga asiye na imani. Leo naungama ya kuwa nilikosa, nami nataka kuwaeleza sababu.

Kwanza, woga wa namna hii watoka wapi? Wataalamu humtia panya sandukuni, humpigia sauti fulani, na mara humchoma miguuni kwa umeme. Baada ya mara chache, panya akisikia sauti tu, hata pasipo umeme, huganda kama jiwe. Hakuchagua kuogopa, mwili wake umefundishwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto yule: sauti ya mabati ilifungamana na usiku wa maji. Basi, dhambi i wapi? Dhambi yataka hiari, na hapa hiari haikuwapo.

Pili, je, woga huo waweza kuondolewa? Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ya Ufini, walitangaza jambo la kutufikirisha. Waliwapa panya waliokwisha kutishwa dawa iitwayo fluoksetini, ambayo waganga wa hospitali huwapa watu wenye ugonjwa wa huzuni. Dawa peke yake haikuwaondolea woga. Panya wengine hawakupewa dawa, bali walipigiwa sauti ile mara nyingi pasipo umeme. Woga wao ulipungua, kisha ukarudi. Lakini wale waliopata yote mawili, dawa na mazoezi, woga wao ulitoweka kwa muda mrefu. Dawa iliufanya ubongo wao uwe tayari kujifunza upya, kama ubongo wa mnyama mchanga. Mfinyanzi ajua jambo hili: maji hulainisha udongo, lakini maji peke yake hayafanyi chungu.

Labda mtu ataniuliza: yafaa kumwumiza panya hivyo? Kanisa lafundisha ya kuwa majaribio juu ya wanyama yaruhusiwa kwa kiasi, ikiwa yasaidia kuponya watu. Kuwatesa bure ni kosa. Basi, kiumbe huyo akiisha kuumia kwa ajili yetu, yatupasa tusilidharau fundisho lililopatikana.

Tatu, je, mtu atumiaye dawa kwa ajili ya woga amepungukiwa na ushujaa? Wengine husema shujaa hushinda kwa nguvu zake tu. Sivyo. Panya hutiwa sandukuni kwa mkono wa mwingine. Mtu hana budi kukubali mwenyewe kurudi na kuketi chini ya mabati. Dawa haiwezi kukubali kwa niaba yake. Hapo ndipo ushujaa wake ulipo, wala dawa haimnyang'anyi. Lakini angalieni: mtu si panya, na lililofaa kwa panya laweza lisifae kwa mtu. Kwa hiyo msinunue vidonge sokoni kwa kubahatisha. Nendeni kwa mganga wa hospitali.

Tena, si kila woga ni adui. Mulongwe ukijaa, mwenye akili huuogopa na kukimbilia mahali pa juu. Twataka mtoto asiogope sauti ya mabati. Hatutaki asiogope mto.

Mtoto yule hakupewa dawa. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzake wale wale. Mvua iliyofuata niliketi naye karibu na mlango, ukiwa wazi. Alitetemeka, lakini alikaa. Baada ya mvua nyingi alirudi kwenye benchi lake kwa hiari yake.

Basi, wapenzi, mkimwona mwenzenu akitetemeka, msianze kuipima imani yake. Ketini karibu naye. Na akihitaji mganga, mpelekeni bila kumwaibisha.